Mama Alipoanza Tiba Shufaa Akiwa Bado Anatembea

Mama aliingia hospitalini Shinyanga kwa miguu yake mwenyewe, kavaa kitenge nilichomletea kutoka dukani kwangu Katoro, na hilo ndilo lililonichanganya. Daktari alisoma majibu, akaniambia pembeni kwamba saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Vidonge vya saratani aendelee navyo. Halafu akaandika karatasi nyingine: leo hii tuanze pia kliniki ya tiba shufaa.

Jina hilo nilikuwa nalijua. Jirani yangu wa Katoro alipelekwa huko akiwa amebebwa, na wiki ileile tukamzika. Nikamwambia muuguzi aliyetupokea, "Dada, mmekosea mtu. Huyu amekuja anatembea."

"Hatujakosea," alisema. "Matibabu yake yanaendelea. Sisi kazi yetu ni kutuliza maumivu, na tunamtaka mapema, kabla hayajamshinda."

Sikuelewa. Kama bado anatibiwa, kwa nini tuko huku?

Alimwamkia Mama, akaketi karibu naye, akamwuliza habari za maumivu, usingizi na choo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. "Mama, katika haya yote, kinachokusumbua zaidi ni nini?"

Mama alinitazama. "Ni huyu binti yangu. Ananiambia nina uvimbe. Mimi najua ni saratani. Sijui nimwambieje kwamba najua."

Miezi minne nilikuwa nimelificha neno hilo. Niliona aibu, nikakasirika, nikataka kucheka, yote kwa pamoja.

Tulirudi kijijini kwake Didia na chupa ya mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Niliifungia kabatini, kwa sababu niliamini ni dawa ya kumalizia watu. Nikawa nampa panadol. Siku ya tatu hakuweza hata kugeuka kitandani, na muuguzi akapiga simu kuuliza dawa inamkaaje.

"Vizuri tu," nikasema.

Sauti ya Mama ikatoka chumbani. "Mbona unamdanganya mwenzio? Kabati hujalifungua tangu tufike!"

Muuguzi hakunigombeza. Alinielekeza kwenye simu nivute kiasi gani kwa sirinji na nimpe kila baada ya saa nne. Mchana ule Mama alilala fofofo, nami nikakaa nikisikiliza pumzi zake, nina hakika nimemwua. Alasiri akaamka, akaomba ugali wa mtama na mlenda.

Baada ya wiki mbili alikuwa barazani anamenya karanga. Majirani wakawa wananiuliza, "Amepona?" Nikampigia muuguzi.

"Saratani ipo palepale," alisema. "Kilichopungua ni maumivu."

"Sasa nifurahi au nilie?"

"Hilo hata mimi sijui, dada. Muulize Mama kama kuna mahali anataka kwenda."

Mama alitaka kwenda Segese, kwa mdogo wake, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa bibi. Nikatafuta gari, tukaenda. Walikumbatiana, wakalia, na kabla chai haijapoa wakawa wanagombana upya: nani alimuuguza bibi zaidi ya mwenzake? Nikajua safari imeharibika. Lakini njiani kurudi Mama alikuwa anaimba. "Umemwona alivyo mkaidi?" akaniambia, uso umemchangamka. Mpaka leo sijaelewa kilichomfurahisha pale.

Alivuna mpunga wa mwaka ule. Wa mwaka uliofuata aliuvuna akiwa ameketi kwenye kiti kando ya jaruba, akitusema kwa uvivu wetu. Kisha vidonge vya saratani vikaacha kumsaidia, vikasimamishwa. Mofini ikaongezwa, na muuguzi yuleyule akawa anakuja Didia kutuona. Mama alifariki Jumapili asubuhi, baada ya vijiko vitatu vya uji, mdogo wake akiwa amemshika miguu.

Siku ya maziko muuguzi alikuja. Nilimshukuru, na papo hapo nikamlaumu. "Mlinizoesha kumwona ana nafuu," nilimwambia. "Bila hivyo ningekuwa nimeshajiandaa kitambo."

Nilijua nasema upuuzi, na nilijua pia kwamba si upuuzi wote.

"Ndiyo," alisema, akakaa nami kwenye mkeka mpaka wageni walipoitwa kula.