Nilivyomfikisha Kaka Laela

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema nikiendelea kuchekesha darasani nitaishia kuwa kondakta. Mwaka huu nilikuwa kondakta kweli, siku tano, wa basi ambalo halikuwepo.

Bibi aliletwa kwetu mjini, Mazwi, kutoka kijijini, upande wa Kate, baada ya kiharusi kumlaza upande wote wa kulia. Mama huwa sokoni na maharage yake tangu asubuhi, kwa hiyo kumgeuza bibi kabla ya shule ikawa kazi yangu. Aliyenifundisha ni kaka, ambaye anafanya kazi Japani kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mtu alisoma lugha yao miaka miwili, akapanda ndege, akaenda kuogesha bibi za watu. Nilimcheka sana, mpaka siku bibi yetu alipolala mbele yangu na sijui hata pa kumshika.

"Usimvute mkono, wewe! Huyo siyo mkokoteni," alinifokea kwenye video, saa moja asubuhi kwetu, kwake saa saba mchana, tambi mdomoni. "Kunja goti lake kwanza. Na kabla hujamgusa mwambie unataka kufanya nini."

Basi nikawa namwambia. "Mke wangu, tunageuka upande wa ukutani, asiye na tiketi ashuke." Bibi anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, ni utani tuliozaliwa tukaukuta. Kaka alikuwa mume mkubwa. Mimi mume mdogo, yule wa kutumwa maji.

Kila simu ikipigwa bibi alimuuliza mume mkubwa anakuja lini. Mwezi wa sita, alijibu kaka, likizo ameshaomba. Tangu hapo bibi akikataa uji wa ulezi, nikimtajia mwezi wa sita anafungua mdomo.

Mwezi wa sita ukaingia na upepo wake wa huku kwetu, ule unaopita koti na kwenda moja kwa moja kwenye mifupa. Jumapili moja mchana kaka akanipigia mimi peke yangu.

"Dogo, nimeharibu."

Kulikuwa na bibi mmoja kule hataki kula. Wafanyakazi wenzake kaka wamembembeleza wee, wapi. Kaka akachuchumaa mbele yake akamwambia kwa lugha yao, "Mke wangu, kula basi, usiniaibishe." Yule bibi akacheka, akala bakuli zima, na tangu siku hiyo akawa anamngoja mume wake. Kumbe kumbukumbu zilishaanza kumtoka. Binti yake alipokuja kumtazama akamkuta mama amechana nywele anasubiri mume, wakati baba alifariki zamani. Binti akalia, kisha akalalamika ofisini. Kaka akaandikishwa barua ya kuomba radhi, akairudia mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza alikuwa anaeleza utani badala ya kuomba radhi. Wakamtoa kwa wazee, wakampeleka kufua mashuka.

"Uliwaambia bibi ni mke wetu?"

"Niliwaambia. Wakanitazama kama unavyotazamwa wewe kwenye hesabu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi huu. Siwezi kuwakumbusha habari za likizo sasa hivi. Siji, dogo. Mwambie bibi."

"Mwambie mwenyewe."

"Naona aibu kumtazama. Wewe unamweza. Mwambie, mimi nitapiga Jumapili ijayo."

Kesho yake asubuhi nikakaa kitandani kwa bibi nimejiandaa kabisa. Akaniwahi.

"Mume wangu mkubwa amefika wapi?"

Angeniuliza kama anakuja au haji, labda ningejibu vizuri. Aliuliza amefika wapi. Nikafungua mdomo niseme ukweli, ikatoka: "Dubai. Anabadilisha ndege."

Kaka aliponiandikia kuuliza, nikajibu nimemwambia. Akasemaje? Kasema sawa.

Jumanne nilimfikisha Dar. Jumatano basi likaharibika gia boksi Makambako, na bibi akamtukana dereva kwa Kifipa, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba dereva mwenyewe nimemtunga. Alhamisi, Tunduma. Mama akanisikia, akanivuta sikio hadi uani.

"Unamdanganya mgonjwa?"

"Namtania."

"Na ukifika mwisho wa barabara, utamtania nini? Mwambie leo."

Halafu mama mwenyewe akaingia ndani, nikamsikia anamuuliza bibi angependa kuvaa kitenge kipi siku ya kumpokea mgeni.

Ijumaa nilisema Laela. Sikuwa na mji mwingine kabla ya kufika kwetu. Bibi akataka kuogeshwa, avalishwe kile kitenge cha bluu, alazwe akitazama mlango. Aliniambia nisichelewe kutoka shule, niende stendi, mtu anayetoka ng'ambo huwa na mizigo mizito.

Shule ilipotoka sikurudi nyumbani. Nilikaa golini, mimi ambaye mpira siupendi, nikafungwa magoli hata sikuyahesabu, huku natafuta kijiji cha kuweka kati ya Laela na sisi. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Nilipofika nyumbani, uani kumejaa wanawake.

"Alikuwa anauliza kama mmeshatoka stendi," mama akasema.

Kaka alipiga Jumamosi asubuhi, bibi akiwa bado ndani, hajazikwa. Kwenye video macho yake yamevimba.

"Angalau alijua siji," akasema. "Hakufa akiningoja."

Ningeweza kuitikia tu. Hakuna ambaye angejua.

"Hakujua," nikasema. "Nilimwambia uko njiani."

"Njiani wapi?"

"Jana ulikuwa Laela."

Nikasubiri matusi. Badala yake kaka akauliza:

"Kutoka Laela hadi hapo ni muda gani siku hizi?"

"Saa moja na nusu. Lami yote."

Akatikisa kichwa polepole, kama anapiga hesabu. "Niingize ndani," akasema.

Nikaibeba simu kwa mikono miwili, nikapita katikati ya akina mama waliokaa mkekani. "Nipisheni," nikasema, "kaka ameingia." Mama mmoja akanifokea kwamba hata msibani naleta utani wangu. Nikamgeuzia simu aone. Akavuta miguu yake, akanipisha.