Marehemu Hana Kosa la Kusamehewa

Nakumbuka mchana mmoja wa joto kule Liverpool, kusini-magharibi mwa jiji la Sydney, nilipoambiwa na mzee wa watu nifunge mdomo wangu. Mimi! Mtu niliyetoka Kitale na begi lenye zipu mbovu, nikajisomesha kwa jasho langu, nikapata diploma ya uangalizi wa wazee, nikachaguliwa cheameni wa chama cha ustawi cha Wakenya wa Quakers Hill, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Diploma yenyewe, mwanangu, ukija kwangu utaiona sebuleni, kwenye fremu ya mvule, juu ya televisheni. Sikuinunua mtaani. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi vijana hudhani kila aliyerudi kutoka ng'ambo amerudi na maneno matupu na koti la baridi. Mimi nilirudi na kontena.

Sikuwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, hilo nakubali. Lakini ugenini kila mtu huanza utoto upya, na mtoto hufunzwa.

Mzee aliyenifunga mdomo aliitwa Colin. Nyumbani alikoishi nilifika kwanza kwa ajili ya mwingine, Ray, fundi wa vigae mstaafu ambaye miguu ilikuwa imekataa kazi. Kazi yangu ilikuwa kwenda majumbani kuhudumia wazee kama yeye. Nilimwogesha Ray, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, mpaka Mungu alipomchukua. Siku zote hizo Colin alikuwa kando yangu, ameshika taulo.

Ofisini kwetu Colin alijulikana kama mpangaji wa Ray. Sasa, mimi leo nina nyumba za kupangisha, na wapangaji nawajua. Hakuna mpangaji anayemkata mwenye nyumba kucha za miguu huku akimwimbia. Hakuna mpangaji anayegombana na mwenye nyumba kila asubuhi kuhusu dirisha, huyu anataka lifunguliwe, huyu lifungwe, kisha wakalala kitanda kimoja na dirisha likiwa nusu. Mwenye macho haambiwi tazama. Niliona, nikaendelea na kazi yangu.

Ray alipofariki nilibaki kumhudumia Colin mwenyewe. Ndipo mchana ule, akiwa kwenye kiti chake, akanieleza kile walichokificha karibu maisha yao yote.

Walipokuwa vijana, Ray alikuwa mwalimu wa hesabu, na Colin dereva wa malori. Walipanga chumba pamoja. Jirani akanong'ona, polisi wakaja, wakavunja mlango. Wakati huo sheria ya kule ilisema mwanamume akipenda mwanamume mwenzake ni mhalifu. Ray akafikiri upesi kuliko wote mle chumbani. Akawaambia polisi kuwa yule mwingine ni mpangaji tu, hajui lolote, kosa ni lake peke yake. Colin akaachwa. Ray akahukumiwa, akafungwa, na alipotoka hakuna shule iliyomtaka. Akajifunza kupanga vigae. Colin aliniambia kuwa hata akiwa mzee, Ray alikuwa akifanya hesabu nyuma ya vigae kwa penseli kabla ya kuvibandika. Bafu nyingi za Sydney zina majibu ya aljebra ukutani ambayo hakuna mtu atakayeyasahihisha.

Sasa sheria ilikuwa imebadilika zamani, na serikali ya jimbo ikawa imefungua njia kwamba hukumu za namna ile zifutwe, hata za waliokufa, mradi aombe ndugu au mwenzi wa marehemu. Ray hakuwa na ndugu aliye hai. Alikuwa na Colin.

Nami kwa moyo mweupe, moyo wa kanisani, nikapiga makofi. "Ashukuriwe Mungu! Basi serikali imemsamehe Ray!"

Mzee aligeuka kama nimemmwagia maji ya moto. Alisema kwa Kiingereza chao cha puani, nami nakupa kwa lugha yetu.

"Funga mdomo, rafiki. Imsamehe kwa lipi? Alimwibia nani? Alimpiga nani? Wao ndio waje kaburini wavue kofia. Mimi siombi msamaha. Nataka lile neno walilomwandika waliondoe, na waliondoe nikiwa hai."

Mimi si mtu wa kunyamazishwa ovyo, lakini nilivuta kiti. Nilikaa nikalitafakari. Ni kweli, mwanangu. Ukimwambia mtu asiye na hatia kwamba umemsamehe, umemhukumu mara ya pili, tena kwa tabasamu.

Tatizo likawa hili. Ofisi ilitaka ithibitishwe kuwa Colin alikuwa mwenzi wa Ray hasa. Na uwongo ule wa chumbani, uliomwokoa Colin ujanani, walikuwa wameuishi mpaka mwisho. Nyumba ilikuwa ya Ray. Majirani waliambiwa mpangaji. Daktari aliambiwa mpangaji. Marafiki waliojua ukweli walikuwa wote makaburini. Mtu aliyewaona wakiishi, akiwa bado anapumua, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa cheameni wa Wakenya.

"Sikulazimishi," Colin akasema. "Najua watu wako."

Aliwajua kweli.

Kule, maelezo ya namna hiyo huapiwa mbele ya mtu aliyeruhusiwa na serikali kushuhudia viapo. Sisi tulikuwa naye mmoja wa kwetu, Mwangi, mhasibu, katibu wa chama na mzee wa kanisa. Kila Mkenya aliyehitaji muhuri alimwendea Mwangi Jumapili baada ya ibada, na Mwangi alikuwa na muhuri wake mfukoni kama wengine wanavyobeba peremende. Nami nikaandika niliyoyaona kwa wale wazee, na kwa mazoea nikamwendea huku watu wakinywa chai na mandazi. Hilo ndilo jambo ambalo ni sisi tu tungelifanya: siri ya ofisi ya serikali tunaipeleka kwenye meza ya chai.

Mwangi alisoma mistari miwili, akaondoa miwani.

"Cheameni, hii ni nini?"

"Ni ukweli. Nipigie muhuri."

"Ukweli gani? Unataka jina langu likae chini ya mambo kama haya?" Akapaza sauti ili wengine wasikie. "Wazee, njooni muone cheameni wenu anatuletea nini! Ama na wewe ni mmoja wao, bro?"

Watu walicheka. Niliweka andazi langu mezani, nikasimama wima.

"Mwangi, nina mke na watoto watatu, na hata nisingekuwa nao, hilo ni swali la mtu aliyeishiwa na hoja."

"Biblia iko wazi."

"Iko wazi sana. Inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Nimeulizwa kama wale wazee waliishi kama mtu na mwenzake. Niliwaona kwa macho haya. Unataka niape kwamba sikuona?"

"Nyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Na marehemu akae na jina la mhalifu kwa sababu mimi naogopa chai yenu?"

Mwangi akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole. "Ukiipeleka hiyo mahali popote, usirudi kwenye kiti cha cheameni. Hata chama chenyewe, tutakaa tuone."

Sikiliza uelewe uzito wake. Ugenini chama cha ustawi ndicho ukoo wako. Mama akifa nyumbani, chama ndicho kinachojaa sebuleni kwako na kukusindikiza mpaka kwenye ndege. Kumtoa mtu chamani ni kumwambia, ukifiwa, lia peke yako. Na mama yangu wakati huo alikuwa mgonjwa Kitale.

Kesho yake nilikwenda kazini na uso uliokunjamana. Baada ya Ray kufa nilipangiwa kufanya kazi na Mama Esperance, Mrundi wa mtaa wa Macquarie Fields, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Alinizidi umri, na alikuwa amekulia katika kambi za wakimbizi Tanzania.

"Baba Brenda, mbona leo sura kama shati la mtumba?"

Nikamweleza yote, kule jikoni kwa Colin, huku yeye akimenya viazi. Hakucheka.

"Ngoja nikwambie," akasema. "Sisi tulivuka mpaka mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Tumekaa kambini mpaka nami nikazaa. Siku moja wakubwa wa kwetu wakaja na magari mazuri, wakatukusanya, wakasema: rudini nyumbani, tumewasamehe. Papa wangu akasimama. Akauliza: mmetusamehe nini? Tulikosa kwa kukimbia panga? Wakarudi kwenye magari yao. Papa alikufa kambini, bado wanamwita mkosaji aliyekataa msamaha. Mimi sina wa kunisaidia kulifuta hilo. Weye umeombwa useme tu ulichokiona kwa macho, unatetemeka kwa ajili ya mandazi?"

"Si mandazi, Mama Esperance. Ni mama yangu. Akifa, nani atakaa nami?"

Alinielekezea kisu cha viazi. "Na sisi ni mbuzi?"

Mwanangu, kweli iliyo uchungu si uongo ulio mtamu. Siku hiyohiyo baada ya shifti tulikwenda wote watatu maktaba ya Liverpool, Colin kwenye kiti cha magurudumu, mimi nikisukuma, Mama Esperance akitusafishia njia kama askari wa rais. Pale mama mmoja wa kujitolea alikaa kwenye meza ndogo akishuhudia viapo vya wapita njia. Alisoma, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikaweka sahihi yangu, ile ile niliyoiweka siku ya diploma, kubwa na yenye mkia. Sikuiandika ndogo. Kama mtu alitaka kuisoma kutoka Quakers Hill, aisome.

Nilitolewa uenyekiti Jumapili iliyofuata, na chamani baadaye kidogo. Hawakunipigia kura, walinitoa tu kwenye kundi la simu. Hawa watu niliwachukua uwanja wa ndege wakiwa hawajui hata kununua tiketi ya treni! Sikuwabembeleza. Muungwana ni vitendo, na vitendo vyangu walikuwa wamekwisha kuvila.

Mama yangu alifariki kabla jibu la ofisi halijaja. Waliojaa sebuleni kwangu walikuwa akina mama wa Kirundi wa Macquarie Fields, wakiimba nyimbo nisizozijua kwa sauti zilizonishika mkono. Katikati yao akaingizwa Colin kutoka kwenye teksi, amevaa tai, amebeba keki mapajani. Hakujua neno hata moja la zile nyimbo. Alikaa mpaka mwisho. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyenifaa ni yule niliyeambiwa ataniharibia jina.

Kisha jibu likaja. Hukumu ya Ray imefutwa, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Na Colin waliandika kuwa ni mwenzi wa marehemu. Aliomba nilisome neno hilo tena. Nikalisoma. Akaitia barua mfukoni, akasema, "Lete gari."

Nilidhani ni makaburini. Alinielekeza mpaka kwenye lango la shule ambako Ray alifukuzwa. Wazazi walikuwa wanachukua watoto. Colin akanishika bega, akainuka kutoka kwenye kiti, akaisoma barua kwa sauti ya dereva wa lori anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Alisoma jina kamili la Ray. Akaongeza mwenyewe, "Mwalimu wa hesabu wa shule hii!" Watoto walisimama. Mama mmoja kijana, mwalimu nadhani, akatoka mbio.

"Naweza kukusaidia, bwana?"

"Hapana, binti," Colin akajibu. "Umechelewa sana. Lakini si kosa lako. Nenda kawaambie walioko ndani."

Yule binti alimtazama, akaniangalia mimi, akaomba asomewe tena tangu mwanzo. Colin akamsomea. Mzee alikufa majira ya baridi yaliyofuata, nami ndiye niliyemvika ile tai.

Mwanangu, utasema hayo ni ya Wazungu. Nani aliileta sheria ile? Iliyomfunga Ray ilitoka kwa Mwingereza, na sisi Mwingereza alituachia ya ukoo huohuo. Wenyewe wamekwisha kuitupa, wanawaomba radhi wafu wao, nasi tunaipangusa vumbi na kuiita mila ya babu zetu. Babu yangu hakujua kusoma, sheria hiyo aliiandika lini? Nimelisema hili kanisani hapa Kitale, nimelisema msibani, na walionuna bado wanakuja kuchota maji kwenye kisima nilichokichimba. Wachote.

Nasaha yangu ni hii, ichukue ilivyo. Ukiombwa useme ulichokiona, kiseme, hata kama kikao kizima kinacheka. Usipokee msamaha wa kosa usilolifanya, wala usimbebeshe mwenzako. Na usidhani aliyekufa hana haja tena na jina lake. Jina ndilo pekee alilotuachia, na ukilikuta kwenye matope, inama ulitoe, mikono itaoshwa. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mungu akupe uti wa mgongo usiopinda mbele ya wengi. Akupe watu watakaokuja kulia nawe bila kuuliza kwanza umeshuhudia upande gani. Na siku nawe utakapolala, asikosekane mtu wa kusimama langoni akataja jina lako kwa sauti, lote, bila kunong'ona.