Mvua Ikinikuta Buna

Mimi na kukaa mahali pamoja hatuelewani. Nikimaliza siku chache nyumbani Garissa, miguu inaanza kuwasha. Napiga kaban, ala ya nyuzi, udi wetu Wasomali, kwenye matamasha ya utamaduni na mashindano ya ngamia, kuanzia Balambala hadi huko juu karibu na mpaka, na msimu ukianza sihitaji kuitwa mara mbili. Lakini mwaka huo, pale Buna, kwa mara ya kwanza nilitamani tamasha liishe kabla halijaanza.

Sababu ilikuwa mke wangu. Kiangazi kilipozidi alirudi kwa mama yake huko Hadado kusaidia kuchunga ngamia, na aliponipigia simu hakuzunguka.

"Mama ameona mawingu," alisema. "Mvua ikianza tunahama. Ukifika kabla hatujamaliza kupakia, tutahama pamoja. Usipofika, nyumba ni yangu, naenda nayo, na usinitafute."

Hakuwa anatania. Kwao nyumba ni ya mwanamke kweli. Yeye ndiye husuka mikeka yake, ndiye huisimamisha, na ndiye huibomoa na kuifunga juu ya ngamia. Mume akichelewa anakuta uwanja mtupu, na hana wa kumlaumu.

Sasa pale Buna tulikuwa tumekaa jukwaani tangu asubuhi, spika zimefungwa, watu wamejaa, na hakuna hata wimbo mmoja. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Sherehe haianzi bila mgeni rasmi, hata kama ngamia wa mashindano wamechoka kusimama. Kijana aliyeshika maikrofoni alikuja tena kututuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, maana mpiga kinanda wetu ni mtu wa Mwingi, hajui Kisomali.

"Fumilia kidogo tu, walahi. Mgeni rasmi iko njiani."

"Njia gani hiyo?" nikamuuliza. "Iko Kenya hii?"

"Adeer, bunguza hasira," akasema, akiniita ami kwa heshima.

Mwimbaji wetu, mama mtu mzima tunayemwita eedo, yaani shangazi, alicheka mpaka shali ikamtoka begani. "Mwache huyo," akasema, "ameshikwa na mke. Angalia anavyolitazama wingu, utadhani limemtukana."

Ni kweli nilikuwa nalitazama. Upande wa Wajir mbingu ilikuwa imeanza kuiva, na uwanja mzima ulifurahi isipokuwa mimi. Wao walikuwa wameiomba mvua hiyo kwa miezi. Mimi niliona barabara tu: ikishalowa, lori halitembei, na ningekwama Buna nikiwapigia watu nyimbo za mapenzi huku ya kwangu yanafungwa kamba Hadado. Nilimkasirikia mgeni rasmi, nikalikasirikia wingu, nikajikasirikia mwenyewe. Nilikaa, nikasimama, nikakaza nyuzi ambazo zilikuwa sawa, nikakaa tena.

Niliposikia lori la mbuzi linawashwa nyuma ya jukwaa, nikainuka na kaban yangu.

"Unaniacha na kinanda peke yake?" eedo akauliza.

"Nisamehe, eedo."

"Nenda. Lakini simu usiizime."

Nilifika Hadado siku ya pili, mgongo hauna habari na mimi, nanuka mbuzi. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Ngamia walikuwa wamepiga magoti, nyumba iko chini, na nguzo zake zimeshafungwa ubavuni mwa yule wa mbele. Mke wangu alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema tu, "Shika kamba hii." Nikaiegemeza kaban kwenye mzigo, nikashika kamba. Nilifurahi hadi fundo nililofunga ikabidi alifungue alifunge upya.

Kisha simu ikalia. Alikuwa eedo. Mgeni rasmi amefika, tamasha linaanza kesho, kuna gari la serikali litapita Hadado likielekea huko, na watu wanauliza yuko wapi mpiga kaban. "Niwaambie nini?" akauliza. Nilikuwa nimefika sasa hivi, na tayari nilikuwa naitazama barabara.

"Nyinyi tangulieni," nikamwambia mke wangu. "Niambieni mtakapotua, tamasha likiisha nitawafuata. Si hata nyinyi ni watu wa safari kama mimi?"

Hakuacha kukaza kamba. "Si kama wewe. Sisi tukihama hatuachi mtu. Wewe hujawahi kuhama, wewe unaondoka tu."

Niligeuka kuchukua kaban, haikuwepo. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya mila yetu hajawahi kunisemesha ana kwa ana, alikuwa ameifunga katikati ya mikeka juu ya ngamia wa mbele, na ngamia ameshasimama. Hata hakunitazama. Ili niipate, ingebidi ngamia alazwe tena na nyumba yote ifunguliwe kwenye mvua.

"Nimlaze?" mke wangu akauliza. "Sema sasa."

Nikasema twende. Tukatembea, matope yakinivuta viatu, simu ikilia mfukoni mpaka ikachoka. Hadi leo sijui kama siku ile nilimfuata mke wangu au niliifuata kaban, na yeye hajawahi kuniuliza.