Basi Linalochemka Chumbani

Mume wangu aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka mvi zikamwota masikioni, na abiria walimpa jina la Taratibu. Hawakuwa wakimsifu. Wao walitaka kufika, na yeye aliendesha kana kwamba amepakia mayai. Kiharusi hakikumkuta barabarani, kilimkuta nyumbani, amekaa anavaa soksi.

Kilichukua nguvu za mkono wa kushoto, kikachukua na maneno. Daktari alisema maneno yapo, ila ayatafute mwenyewe, na mkono aufanyishe kazi usije ukajikunja. Tukapewa mpira wa kubinya. Taratibu aliutazama, akanitazama mimi, akausukumia chini ya kitanda. Tangu hapo nikawa naambulia ndiyo na hapana tu.

Kilichomwinua ni kompyuta kuukuu ya mezani aliyotuachia binti yetu alipoolewa. Binti aliweka mchezo wa kuendesha basi, akaleta na usukani wa plastiki wa kubana mezani. Nilinuna. Nilisema mgonjwa haponi kwa michezo ya watoto, na ile mashine nikawa naiita mke mwenzangu kwa jinsi ilivyomkalia mume wangu. Lakini asubuhi moja nikiwa jikoni nilisikia sauti yake: "Shikilieni vyuma, kuna kona." Nilizima jiko, nikasimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, mkono wa kushoto umeshika usukani, anawatangazia abiria wasiokuwepo. Nililia palepale, na sikujificha. Baada ya hapo mke mwenzangu nilimpangusa vumbi mimi mwenyewe.

Mambo yaliharibika binti alipomwekea mchezo mpya, wenye milima na mvua inayotiririka kwenye kioo. Ulikuwa mzito kwa mashine yetu. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora kila unachokiona, na ya kwetu ilikuwa ya enzi za watu kucheza karata kwenye skrini. Ilichora mvua mpaka ikapata moto. Picha ikaganda, ikachanika mistari ya rangi, na boksi la kompyuta likanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mtu mwingine angezima, akapiga simu. Taratibu ni dereva, na gari likichemka yeye hulipoza kwa maji. Nilipotoka bafuni nilimkuta amefungua ubavu wa boksi, ameizungushia kadi kitambaa kilicholoa, anasubiri ipoe, uso umetulia kabisa. Kisha akawasha. Ulisikika mlio mmoja mdogo, na skrini haikuonyesha kitu tena.

Alivua shati la kazi, akarudi kitandani, akageukia ukutani. Chakula nilikipeleka, nikakirudisha kama kilivyo. Vidole vya kushoto vikaanza kujikunja tena kuelekea kiganjani, na nikivinyoosha anauvuta mkono. Nilimwita Baba, nikamwita Dereva, nikamtukana kidogo ili angalau akasirike. Hata ile ndiyo na hapana sikuipata. Nilijiona namzika mtu angali anapumua.

Nililifunga boksi kwa shuka, nikalibeba kichwani mpaka kwa fundi wa kompyuta aliyepanga chumba pembeni ya duka la dawa. Alilipuliza, likatoka vumbi la kutosha kupanda bustani.

"Mama, hii ni ya zamani sana," alisema. "Nunua nyingine."

"Na mume wangu ni wa zamani. Nimnunue mwingine?"

Alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Alitafuta kadi iliyokwisha kutumika, yenye nguvu zaidi, ikawa ndefu kuliko nafasi iliyopo, akakata kwa msumeno chuma kilichoizuia. Akabadilisha na kisanduku cha kugawa umeme, maana cha zamani kisingeiweza. Dawa ya kupitisha joto iliyokauka akaikwangua, akapaka mpya. Ila kadi ile ilikuwa na feni mbili, na moja haikuzunguka hata alipoisukuma kwa bisibisi.

"Nitaagiza feni nyingine, itachelewa kidogo," alisema. "Kwa sasa mzee asiendeshe sana."

Nililifunga tena boksi langu kwa shuka, nikalibeba.

Nyumbani niliiwasha kompyuta bila kumwita. Niliongeza sauti tu. Injini ya basi ikanguruma chumbani, na nyuma yangu kitanda kikalia. Taratibu alikuja akijishikilia ukutani, akakaa, nikamvalisha shati na kumfunga vifungo. Basi likatoka stendi, likafika mlima wa kwanza, skrini ikazimika. Tukawasha tena, ikazimika palepale. Nilifungua ubavu wa boksi, nikaleta feni ya mezani kuipoza kadi, na kuichomeka tu, swichi kuu ikaruka, nyumba nzima ikawa kimya. Nyaya za nyumba hii ya kupanga zimechoka na mwenye nyumba analijua hilo. Niliirudisha swichi, nikajaribu tena, ikaruka tena. Niliporudi chumbani, Taratibu alikuwa ameanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono wa kulia.

Hapo nilichanganyikiwa. Nilijua vile vifungo vikifika chini, huyu mtu hainuki tena. Nilichana mfuniko wa katoni, nikapiga magoti kando ya boksi lililo wazi, nikaanza kuipepea kadi upande wa feni iliyokufa.

"Washa," nilimwambia. "Washa, Baba, nakuomba."

Akawasha. Basi likatoka, mlima ukaja, basi likaanza kupanda. Mkono wangu ukilegea picha inakwamakwama, nikikaza inaendelea. Bega liliwaka moto, nikahamishia mkono wa pili. Magoti yakafa ganzi. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta, kwa hiyo nilimwona kwa ukungu, lakini nilimwona: vidole vya kushoto vimefunguka, vimeushika usukani. Tulivuka kilele, mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo.

"Bado mbali?" nilimuuliza, maana mikono yote miwili ilikuwa imechoka.

Midomo yake ilitafuta maneno. Nilipepea huku nikisubiri.

"Kaa vizuri, Mama," alisema. "Ndiyo kwanza tumetoka stendi."