Mlango wa Thelma Siku ya Jumatano

Saa moja na nusu jioni ilipokaribia, Thelma Entwistle aliunyanyua mkonga wa simu na kuulaza kando ili isilie, juu ya kitambaa cha kufuma, taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha komeo la mlango, kisha pazia. Tamthilia yake ya televisheni inaanza. Alikuwa akiifuata tangu akiwa bibi harusi, na siku alipomzika mumewe wageni waliambiwa kwa adabu kwamba chai imekwisha, kwa sababu ilikuwa Jumatano. Mtaa mzima wa Garnet, pale Oldham, ulijua sheria: Jumatatu na Jumatano, hata nyumba ikiungua, mwite Thelma wakati wa matangazo.

Beryl Ashworth, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa akilicheka jambo hilo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kiwanda cha pamba, na Clive, mwana wa Beryl, nusu ya utoto wake aliimaliza jikoni kwa Thelma. Beryl aliacha kucheka mwaka Clive alipofungwa.

Jumatano moja ya mvua, duka la sigara upande wa pili wa mji lilivunjwa na mwenyewe akapigwa. Shahidi akasema aliyekimbia alifanana na Clive. Clive akasema saa ile alikuwa mlangoni kwa Thelma, akirudisha ngazi. Alibisha, akangoja, akabisha tena, akaiegemeza ngazi ukutani, akaenda zake.

"Sikumwona," Thelma aliwaambia polisi.

Beryl naye alimwuliza, akapata jibu lile lile, Thelma akiwa ameinamia birika la chai. "Sikumwona, mpenzi. Ningemwona ningesema."

Mahakamani mwendesha mashtaka alitabasamu. Mtaa mzima unajua mlango ule haufunguliwi saa hiyo, alisema, ndiyo maana mshtakiwa akauchagua. Clive akapewa miaka mitatu. Beryl hakumlaumu jirani yake. Mtu utamdai vipi asichokiona?

Mwaka uliofuata, katika tamthilia, mwanamke aitwaye Pauline alifungwa kwa wizi ambao hakuufanya. Nchi ikapandwa na wazimu. Magazeti yakamlilia, wachinjaji na wauza samaki wakavaa fulana zenye jina lake. Beryl alitoka kumtembelea Clive gerezani, mabasi mawili na mvua, akaingia mtaani kwao akakuta kila dirisha lina karatasi: MWACHIENI PAULINE. Kubwa kuliko zote ilikuwa dirishani kwa Thelma, imeandikwa kwa mkono, herufi zimepakwa rangi nyekundu kwa uangalifu.

Ilikuwa Jumatano, na muziki wa kufungulia ulikuwa umeshapigwa. Beryl hakwenda kwake. Aliugonga mlango wa Thelma kwa ngumi, kisha kwa kiatu, mpaka majirani wakatoka nje. Mlango ukafunguka.

"Beryl, ni Jumatano."

"Najua siku. Bandua hiyo karatasi."

"Lakini Pauline hana hatia, shoga yangu. Mimi mwenyewe niliona, pesa alichukua yule shemeji yake."

"Pauline hayupo, Thelma. Ni mwanamke analipwa alie. Akishalia anavua wigi anakwenda kula. Mwanangu anakula nini kule? Umewahi kuniuliza?"

"Usinifokee hapa, watu wanatazama."

"Watazame. Si ndiyo kazi yao? Nani kati yenu aliweka karatasi ya Clive?"

Jirani wa nyumba nambari tisa akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mimi sikumwona Clive," Thelma akasema, sauti imemshuka. "Nilimsikia tu."

Beryl alihisi mvua ikimwingia shingoni. "Ulimsikia."

"Anabisha mara mbili, halafu anakwaruza kwa kucha kama paka, tangu mdogo. Nilijua ni yeye. Lakini Pauline ndiyo kwanza anavua pete anaitupa kwenye beseni la vyombo. Nisingeweza kunyanyuka. Askari akaniuliza, ulimwona? Nikasema sikumwona."

"Na mimi?"

"Na wewe uliuliza kama nilimwona." Alikuwa akiikunja aproni yake na kuikunjua. "Ningesimamaje mbele ya watu, Beryl, niseme nilimwacha mtoto mvuani kwa ajili ya pete?"

Alichojibu Beryl, majirani walikisikia na hawakukirudia mbele ya watoto.

Kesi ikakatiwa rufaa. Thelma alivaa kofia yake ya mazishi akawaeleza majaji habari za beseni na pete, na watu wakacheka mpaka wakanyamazishwa. Kisha wakili akaleta kanda ya tamthilia ya usiku ule. Pete ilianguka majini dakika ile ile kengele ya hatari ya dukani ilipolia, ng'ambo ya mji. Clive akaachiwa. Alirudi amekonda, nafasi yake kwenye duka la mikate imeshachukuliwa, na mchumba wake anatembea na mwingine. Magazeti yakaandika kwamba tamthilia imemwokoa kijana. Hakuna hata moja lililouliza ni nini kilichomfunga. Mwezi huo huo Pauline naye akatolewa, na mtaa ukamfanyia sherehe ya meza barabarani na vibendera. Clive alikaribishwa kwa pai moja, na pai hiyo aliipika mama yake.

Beryl hakusamehe. Alisalimia, kwa sababu ukuta ni mmoja, na kila Jumatatu na Jumatano muziki ule ulipenya matofali ukamkuta jikoni na kisu cha viazi mkononi. Miaka ikapita hivyo. Thelma alipougua na kitanda chake kuteremshwa sebuleni, Beryl ndiye aliyempelekea supu. Aliibwaga mezani, akasubiri bakuli, akaondoka. Jirani wa nambari tisa alileta maua mara moja.

Jumatano ya mwisho Thelma alimwomba Beryl amwekee simu kando. Beryl akaiweka. Kwenye televisheni Pauline sasa alikuwa bibi, wigi ni lile lile, akigombana na mjukuu. Katikati ya ugomvi, matangazo yakiwa bado mbali, Thelma akanyoosha mkono na kuizima sauti.

Beryl hakuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya saa hiyo. Midomo ilicheza kwenye kioo. Alisimama na bakuli lake, akilingoja neno alilolingoja miaka yote.

"Usiku ule wa ngazi, Beryl," Thelma akasema. "Clive alilowa sana?"