Kifusi cha Babu Ndahani

Siku mama yangu aliponiuliza maana ya neno moja la Kiswahili naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumekaa uani tunapepeta uwele. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi asubuhi ile kutoka mjini, vumbi la safari bado limenijaa kwenye nyusi. Mama alikuwa na furaha. Akasema, "Wewe umesoma. Hebu niambie, kifusi, kwa Kikanisa, ndiyo nini hasa?"

Nitarudi hapo, mwanangu. Kwanza nikwambie kwa nini nafukua mambo haya leo. Jumapili iliyopita nilisikia jina lako likisomwa kanisani, kwamba umechaguliwa kwenye kamati ya ujenzi. Watu wakapiga makofi, na mimi shangazi yako nikapiga, mikono yenyewe hii isiyo na nguvu. Jioni ukaja hapa kwangu Chang'ombe ukanionyesha kwenye simu picha ya kanisa jipya la hija mnalotaka kujenga. Vioo kila mahali, mnara mrefu, uwanja wa magari umetandikwa vitofali vyekundu. Ukaniuliza, "Shangazi, si pazuri?" Nikanyamaza. Ukadhani usingizi umenichukua, ukaondoka kwa kunyata. Sikuwa nimelala, baba. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mzee haina pa kwenda.

Wewe umelikuta kanisa la sasa limenyooka. Ukitoka mjini kwa barabara ya Singida, ukishaipita Kizota na baadaye ukaiacha lami, unaliona kwa mbali juu ya kilima, refu, limekaa sawasawa. Sisi hatukulikuta hivyo. Kanisa la kwanza lilikuwa na ukuta uliopinda. Upande wa kushoto, katikati kabisa, ukuta uliacha njia yake, ukaingia ndani ya kanisa kama mtu aliyekunja mkono, kisha ukarudi kwenye mstari. Watu walipaita Kiwiko. Wageni walidhani fundi alikuwa amelewa.

Fundi hakulewa. Alikuwa padre mzungu ambaye wazee walimwita Padre Mawe, kwa sababu hakutaka kusikia habari ya tofali. Mawe yale ya kijivu yalivunjwa kilimani hapo hapo. Wanaume waliwasha moto juu ya mwamba, mwamba ukishashika joto wanaumwagia maji ya baridi, unapasuka. Na maji yenyewe unajua kwetu yanavyopatikana. Wanawake waliyafukua kwenye mchanga wa korongo, kata kwa kata, wakapanda nayo kilimani kichwani. Kuta zilikuwa nene, hivi kwamba hata mwezi wa kumi, jua linapowaka mpaka mbuzi wanalia, mle ndani ulihisi ubaridi. Madirisha yaliwekwa juu, membamba, ili upepo wa Agosti usilete vumbi altareni. Padre Mawe alijua alichokuwa anafanya.

Lakini pale alipotaka kupitisha ukuta palikuwa na zizi kuukuu, na ndani ya zizi alikuwa amelala Babu Ndahani, baba yake mama yangu. Unajua desturi ya Wagogo wa zamani, mwenye kaya alizikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake. Kilima kile kilikuwa chake, na ndiye aliyekitoa kwa padre kwa kinywa chake mwenyewe, bila kubatizwa, kwa sababu alisema mtu anayeomba mahali pa kuombea hanyimwi. Msimu uliofuata akafa. Siku padre alipokuja kupiga vigingi na kuvuta kamba, bibi yangu, mke wa marehemu, aliikuta kamba imepita juu ya kaburi. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya kamba, akanyoosha miguu, na mama yangu, msichana mdogo, akakaa pembeni yake. Padre akamwita katekista amtafsirie. Bibi akasema, "Nyumba ya Mungu wako ni kubwa. Mume wangu hahitaji pakubwa."

Padre aling'oa kigingi. Akaahidi mbele ya wazee kwamba ukuta utazunguka na kaburi halitaguswa. Hivyo ndivyo Kiwiko kilivyopatikana, mwanangu. Kilikuwa ahadi iliyojengwa kwa mawe.

Bibi alibatizwa baadaye, na kila Jumapili alikaa ndani pale pale Kiwikoni, mgongo ameegemeza ukutani, mumewe yuko upande wa pili. Wajane wengine wakaanza kukaa naye. Mjane akitoka kuzika alipelekwa Kiwikoni kwanza, aegemee, alie mpaka amalize. Wakaja wa vijiji vya mbali. Wakaja na wagonjwa, na waliofiwa na watoto. Ndipo mapadre waliofuata wakaweka sanamu ya Bikira Maria pale, ikapangwa siku ya hija mwezi wa nane. Leo vitabu vyenu vinasema hija ilianzishwa na parokia. Ilianzishwa na mgongo wa bibi yangu.

Basi, turudi uani kwenye uwele.

Mahujaji walikuwa wameongezeka, kanisa halitoshi. Kamati ikaamua kulirefusha na kuunyoosha ule ukuta, ili yapatikane mabenchi zaidi. Mimi wakati huo nilikuwa mjini nashona nguo, sikuwepo. Mama aliitwa kwenye kikao kama familia. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Na mama, wewe hukumkuta, Kiswahili alikiokota ukubwani, mnadani na kanisani. Cha sala alikijua chote. Cha ofisini kilimpita juu ya kichwa.

Mama akauliza, "Mkinyoosha ukuta, baba yangu mnamweka wapi?" Kuna waliocheka. Mwenyekiti akajibu kwa upole sana, "Mama, usiwe na wasiwasi. Kifusi chote kitahamishwa kwa utaratibu na kuwekwa mahali pake."

Mama hakuwa amelisikia neno hilo. Alijua kwamba Kanisa lina maneno yake. Maiti ya Mkristo ni marehemu, mifupa ya mtakatifu ni masalia. Akafikiri, na baba yangu ambaye hakubatizwa, basi yeye Kanisa linamwita kifusi. Akaona neno zuri, la heshima. Akapiga goti kidogo, akasema, "Asanteni sana, wazee wangu." Akakaa. Katibu akaandika kwamba familia imeridhia.

Hayo ndiyo aliyonisimulia uani, uso unang'aa. "Wamekubali kumhamisha kifusi wetu vizuri. Hawajaniambia siku. Tutatafuta kitambaa cheupe."

Ungekuwa mimi ungefanyaje? Nilipepeta uwele uliokwisha kuwa safi. Akarudia swali. Nikamwambia, "Mama, kifusi ni udongo na mawe yaliyovunjika. Ni ule uchafu unaobaki watu wakibomoa."

 Aliweka ungo chini, akachukua kanga yake, akaanza kutembea kuelekea kilimani, nami nyuma yake.

Tulichelewa. Kiwiko hakikuwepo. Ukuta ulikuwa umebomolewa, na pale zizini palikuwa na msingi mpya, zege bado bichi. Lori la kukodi lilikuwa limesimama, na dereva wake, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu mwenye ndevu zilizoanza mvi, alikuwa anakunywa chai kivulini. Alipomwona mama anashika mawe moja moja na kuyaacha, alisimama. "Shikamoo mama. Pale palikuwa na mtu wenu?" Mama akatikisa kichwa kukubali. Yule baba akavua kofia yake. "Niliona mifupa kwenye koleo. Nikawauliza, wakaniambia ni ya ng'ombe, hapa lilikuwa zizi. Moyo wangu ukakataa, nikasoma dua kabla ya kupakia. Nisamehe, mama. Nimemwaga kule chini, panapotengenezwa uwanja wa magari. Na sikumwaga mahali pamoja. Waliniagiza nitandaze."

Nilimfuata mwenyekiti ofisini, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Binti, mama yako aliridhia mwenyewe. Alisema asante mbele ya watu wote." Nikamwambia hakuelewa. Akasema, "Angeuliza." Mwanangu, nimeishi miaka mingi na jibu hilo, na bado sijapata la kulijibu isipokuwa matusi, na matusi sitaki kufa nayo mdomoni.

Kanisa likaisha, Baba Askofu akaja kulitabaruku. Kwaya ilipendeza, nisiseme uongo. Ndani ya altare mpya yaliwekwa masalia ya mtakatifu mmoja wa Ulaya, kipande cha mfupa kidogo kuliko ukucha, ndani ya kisanduku chenye kioo. Kabla ya kukifungia, waumini walipanga mstari kukibusu. Mama naye akapanga, mimi nyuma yake. Alipofika, akamuuliza padre aliyekishika, "Huyu ni nani?" Padre akamtajia jina. "Kwao ni wapi?" Akatajiwa mji. Mama akainama, akambusu mtakatifu wa watu kwa heshima zote. Halafu akatoka nje, akashuka moja kwa moja mpaka uwanja wa magari, na alipofika ukingoni akavua ndala zake.

Akaanza kutembea. Taratibu, peku, katikati ya malori na mabasi ya mahujaji, jua la saa saba linachoma kokoto. Mlinzi wa magari akampigia filimbi. "We bibi, sogea, hapa pa magari!" Watu wakageuka. Mimi nilikuwa msichana wa mjini, nimevaa gauni jipya. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, twende, watu wanatutazama. Ni udongo tu. Babu yuko mbinguni."

Akautoa mkono wake kwangu. Mama yangu hakuwa mkali, ndiyo maana nakumbuka kila neno. "Udongo tu? Mbona yule wa ndani hamkusema ni mfupa tu? Ametoka nchi ambayo siijui, wanalijua jina lake, wanaujua mji wake, wamemsafirisha kwa meli, wamemwekea kioo. Nami nimembusu, maana naye ana wazazi wake. Baba yangu aliyewapa kilima wanamkanyaga kwa matairi. Kiswahili chenu kimenifunza jina moja tu la kumwita. Na wewe mwanangu wa kunizaa, unalitia hilo jina sukari ndipo unipe nilimeze."

Nikavua viatu. 

Tangu siku hiyo, kila hija, mama alivua ndala ukingoni mwa uwanja wa magari na kuzivaa tena mlangoni pa kanisa. Watu walisema bibi amechanganyikiwa, anavua viatu pasipotakiwa. Vijana walimwigiza. Hakuwahi kuwaeleza. Hakujua babu yuko upande gani, basi alitembea kote. Alikufa akiwa bado anatembea kote. Mimi magoti yameniacha, lakini mwaka jana ulinisindikiza hija, ukaniona navua pale ukingoni, ukaniuliza, "Shangazi, viatu vinakubana?" Nikakujibu ndiyo. Sasa umejua kilichokuwa kinanibana.

Sitaki ufukue kitu, mwanangu. Hakuna cha kufukua, ametandazwa. Nakutaka hivi. Utakapokaa kwenye meza ya kamati, na bibi mmoja wa kijijini akasimama na Kiswahili chake cha kuokota, usitazame saa. Msemeshe kwa Kigogo, na kama chako kimekufia mjini, tafuta wa kukutafsiria, kama padre mzungu alivyofanya wakati hata barabara hatuna. Akisema asante, muulize ameshukuru nini. Mtu asiyeelewa akishukuru, hajakupa ruhusa. Na ukiona ukuta umepinda, usikimbilie kuunyoosha kwa sababu picha ya kwenye simu imenyooka. Uliza ukuta huo ulimpisha nani. Wapo watakaokwambia unachelewesha kazi. Wacheleweshe. Babu yako mzaa bibi alizikwa kwa siku nzima ya vilio, akaondolewa kwa muda wa mtu kusubiri chai yake ipoe.

Na kabla hawajatandika vile vitofali vyekundu, nenda uwanjani mchana, watu wakiwepo, uvue viatu. Wakikuuliza, usiseme vinakubana kama nilivyosema mimi. Waambie hapa yupo Ndahani, mwenye kilima. Litamke jina kwa sauti, lisikike na madereva.

Mungu wa babu yako, yule ambaye babu alimpa kilima bila kumjua, akutangulie katika kazi hiyo. Akupe mke mwenye subira na watoto wanaouliza maswali. Akupe uzee kama wangu, bila uchungu wangu. Na siku yako ikifika, baba, akulaze mahali pamoja, mahali ambapo wajukuu wako wataweza kuonyesha kwa kidole wakasema, yupo hapa.