Kisima Kilichopanda Juu

Mwanakhamisi binti Jaha aliishi Chimala, kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, na madereva wote wa malori walimjua kwa wali wake. Marehemu mumewe, Isihaka, ndiye aliyemjengea nyumba ile ya matofali mabichi. Ndiye pia aliyemchimbia kisima uani, akakijengea ukuta wa matofali ya kuchoma kuanzia kwenye kokoto za chini hadi juu, ukafika usawa wa mapaja ya mtu mzima. Hawakujaliwa mtoto. Mwanakhamisi aliposema "changu", alikuwa na vitu viwili tu, nyumba na kisima.

Maji yake yalikuwa matamu. Mvua ya mlimani ilizama kwenye mchanga, ikapita chini kwa chini mpaka kwetu. Madereva walikunywa kwanza, kisha ndipo wakaagiza chakula.

Mwaka 1953 mwenye shamba kubwa la mpunga, upande wa mlimani, alileta mtambo, akatoboa ardhi, akashindilia mabomba ya chuma na kufunga injini ya kuvuta maji. Ilinguruma mchana kutwa. Kiangazi cha pili kamba ya Mwanakhamisi haikufika majini. Akaiunga. Kiangazi kilichofuata akaiunga tena, na ndoo ikaja na tope.

Akamwita Sedekia, Msangu mmoja mchimba visima. Sedekia alishuka, akachimba tangu asubuhi, akatoka amepauka vumbi.

"Mama, maji yapo, ila yanakimbia. Nikiyafikia leo, kesho yameshuka."

"Wewe chimba."

"Nikizidi hapo ukuta wa marehemu utaning'inia, uniangukie. Nina watoto mimi."

Mwanakhamisi akafunga kanga yake vizuri, akaenda kwenye injini. Aliyeisimamia aliitwa Liberatus, Mkatoliki wa kutoka Iringa, aliyekuwa akila kwake kila Jumapili baada ya misa.

"Liberatus mwanangu, izime basi, hata kwa siku chache."

"Mama, nikiizima mimi, kesho ataiwasha mwingine. Na mimi nitakuja kula kwako bure. Utanilisha mpaka lini?"

Vibarua wakacheka. Mwanakhamisi akaitazama injini kidogo, akarudi nyumbani.

Mwaka huo ndipo watu walipoanza kusema kisima kinaota. Mtu wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Silvester, dereva wa lori la mahindi.

"Shangazi, kisima chako kilikuwa kinanifika mapajani. Leo kiko kiunoni! Umekitia mbolea?"

"Mwakani atakipanda kwa ngazi," akasema utingo wake.

Mwanakhamisi hakukasirika. Alifurahi. Alidhani maji yanajikusanya chini na kuusukuma ukuta juu. Akachinja kuku, akawaita watu wa msikitini wasome dua. Nami nilikuwapo, maana cherehani yangu ilikaa barazani kwake. Tulikula, tukaitikia amina, na hakuna aliyetazama ardhi aliyokalia.

Haikupita muda mrefu mlango wa nyumba ukakataa kufunga. Ukuta wa nyuma ukapasuka, ufa ukawa wa kuingiza mkono. Akamwita tena Sedekia. Sedekia aliuzunguka ua wote, kisha akasema, "Mama, kisima hakijapanda. Udongo umekauka chini, umejishindilia, tumeshuka nao. Ukuta wa kisima umekaa kwenye kokoto, ndiyo maana umebaki."

"Na maji?"

"Mimi sijui, mama."

Tangu hapo alichota mtoni, debe kichwani, na wateja wakapungua. Kila aliyemshauri kuhama alijibiwa jibu moja: mvua za masika zikija, kisima kitajaa. Hata sisi tulisema hivyo. Zamani ndivyo kilivyokuwa.

Masika ya 1957 ilikuja kwa nguvu. Maji yaliteremka kutoka mlimani, na kwa kuwa ua wake sasa ulikuwa kama bakuli, yote yakatuama humo. Yakaingia ndani, yakalowanisha matofali mabichi, ukuta wa nyuma ukaanguka. Nilikimbilia uani nikamkuta amesimama ndani ya maji, yamemfika chini kidogo ya magoti, ameegemea kisima. Mdomo wa kisima ulikuwa juu ya maji, mkavu. Alikuwa anashusha ndoo.

Ikagonga kokoto.

"Umesikia?" akaniuliza. Akaivuta, akaishusha tena. Ikagonga tena.

"Bi Mwanakhamisi, twende kwangu. Nyumba inaanguka."

"Ngoja kwanza. Labda bado yanashuka."

Nikangoja naye. Ukuta wa pili ulianguka tukiwa pale pale, wala hakugeuka.

Silvester alimchukua kwa lori, akampeleka Ilomba, nje ya mji wa Mbeya, kwa ndugu za mumewe. Walimpa chumba kimoja. Nilipokwenda kumsalimu aliniuliza kama kisima kimerudi. Nikamwambia bado. Mwaka uliofuata nilikwenda tena. Injini ilikuwa imezimwa, maana nayo ilianza kuvuta mchanga, na Liberatus alikuwa amerudi kwao Iringa bila kazi. Nilimweleza hayo nikidhani yatamfariji.

"Injini imezimwa," akasema. "Na kisima?"

"Bado."

Hakuniuliza tena. Alifariki kabla ya mavuno. Mabomba ya mtaani yalikuwa makavu siku hiyo, na maji ya kumwoshea tuliyaomba kwa jirani.